Kutoka Boxer hadi pikipiki kubwa: mazoea ndiyo yanayoangusha

Mtu akishaendesha Boxer, ile pikipiki ndogo ya bodaboda, mitaa ya Malindi kwa miaka, siku akitaka kubwa huuliza kwanza inakimbia kiasi gani. Swali hilo halina kazi. Ya cc 500 yoyote itakimbia kuliko barabara ya Mombasa inavyokubali. La kuuliza ni mazoea gani ya Boxer yatakulaza chini, maana mikono na miguu haijui kwamba umebadilisha chombo.

Chukua gia. Pikipiki kadhaa za kazi gia zake zote zinakanyagwa chini: moja, mbili, tatu, nne, kwa kisigino ama kidole. Kubwa karibu zote, ya kwanza ni chini, zilizobaki unanyanyua kwa kidole cha mguu, na nyutro iko kati ya moja na mbili. Sasa uko Gede, mwendo 80, unataka gia ya juu, mguu unakanyaga chini kama ulivyozoea. Gia inashuka, injini inapiga ukelele, na ukiachia klachi kwa pupa tairi la nyuma linasita na kuyumba. Kabla ya kutoka barabarani, kaa juu ya pikipiki imezimwa, shika klachi, sukuma mbele na nyuma kidogo kidogo huku ukipanda na kushuka gia, hadi mguu uache kuuliza.

Breki ndiyo hasa. Wengi wa bodaboda wanaishi kwa breki ya nyuma. Ya mbele wameilegeza makusudi, eti inaangusha. Kwenye chombo cha kilo 120 kinachotembea 40, unaponea. Kubwa ina karibu kilo 200 kabla hujapanda. Ukiwa 100 unakula mita 28 kila sekunde, na hiyo sekunde moja inaisha kabla kidole hakijagusa breki. Kisha, kwenye lami kavu na nzuri, kusimama kutoka 60 kunataka kama mita 20 za breki. Kutoka 100, kama 55. Mwendo haujafika hata maradufu, umbali umekaribia kuwa mara tatu.

Breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa, lakini inataka mkono wa kukamua tui. Hukamui kwa mara moja. Unabana taratibu, chicha inakaa sawa, ndipo unaweka nguvu yote. Hapa kinachokaa sawa ni uzito: unahamia mbele, shoki za mbele zinazama, tairi linashika lami, na sasa linaweza kubeba breki ambayo nusu sekunde iliyopita ingelifunga. Tafuta kipande cha lami kitupu alfajiri, weka jiwe kando liwe alama, shika breki kutoka 30 mara kumi, halafu 40, halafu 50. Pikipiki iwe wima. Palipo na mchanga juu ya lami, na pwani hii haukosi, maliza breki kabla hujaufikia. ABS, mfumo unaozuia breki isifunge tairi, inasaidia sana kwenye lami. Kwenye murram inaweza kurefusha safari ya kusimama, kwa hiyo usiiamini kama hirizi.

Mkono wa kulia nao una kesi yake. Boxer unaweza kuifungulia mafuta yote asubuhi hadi jioni. Ya mbio ya cc 600 yenye silinda nne ina zaidi ya farasi 100, na gia ya kwanza peke yake inapita 100 kwa saa. Ukikamata mkono, kifundo kiwe chini kidogo, ili tuta likikurusha usijikute umevuta mafuta bila kutaka.

Ndiyo sababu ushauri wetu ni kutoruka ngazi. Ulaya leseni ya katikati inaishia kilowati 35, yaani farasi kama 47, na Honda CB500X imetengenezwa kukaa papo hapo. Royal Enfield Himalayan ya cc 411 ina farasi 24 tu, na kwa njia ya Garsen inatosha na kubaki. Jaribu pia kama miguu inafika chini. Kwenye mchanga stendi ya pembeni inazama chombo kikilala. Beba kopo lililopondwa la kuweka chini yake.

Kukata kona, ukishapita mwendo wa polepole, sukuma mbele mkono wa upande unaokwenda: kulia kwa kulia. Boxer inafanya vivyo hivyo, ila ni nyepesi hata hukuwahi kugundua. Juu ya daraja la Sabaki, upepo ukikupiga ubavuni, mkono huohuo ndio unaokuweka kwenye mstari.

Upande wa fundi, mambo yanabadilika. Oili iwe na alama ya JASO MA ama MA2, za oili ya pikipiki. Nyingine za magari zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi inayoogelea ndani ya oili hiyohiyo inaanza kuteleza. Presha ya tairi mara nyingi ni psi 36 mbele na 42 nyuma, lakini soma kibandiko cha pikipiki yako, si ya jirani. Cheni yenye vipete vya mpira usiisafishe kwa petroli wala brashi ya waya. Tumia mafuta ya taa na kitambaa, kisha oili ikiwa bado ina joto.

Yenye rejeta usiijaze maji ya kisima. Chumvi ya huku inakula aluminiamu kutoka ndani, na utajua siku injini imechemka. Kulanti isiyochanganywa bado na maji ya betri (yale yaliyosafishwa, si asidi), nusu kwa nusu.

Halafu betri. Nyingi hazina kiki, na bila umeme pampu ya petroli haisukumi, kwa hiyo betri ikifa kabisa hata kusukumwa na vijana wanne wa stendi hakusaidii. Pampu yenyewe hupozwa na petroli ndani ya tangi. Zoea la kutembea na lita moja chini, lile la kununua kwa chupa, linaiunguza.