Vikaratasi vya dakika tano

Kwa miaka mingi nilifundisha hisabati hapa Kigoma nikiamini kwamba darasa likinyamaza limeelewa, hadi siku nilipowapa wanafunzi wa darasa la tano vikaratasi, dakika tano kabla ya kengele, wajumlishe nusu na theluthi. Wengi waliandika 2/5, yaani walijumlisha kiasi (namba ya juu) kwa kiasi na asili (namba ya chini) kwa asili, wala hawakushtuka kwamba jibu lao ni dogo kuliko hiyo nusu waliyoanza nayo.

Nilivipeleka vikaratasi hivyo, kwa haya kidogo, kwenye jumuiya ya kujifunza ya shuleni kwetu, ambamo walimu hukutana kusaidiana chini ya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Mwalimu mwenzangu wa darasa la nne hakunilaumu. Aliomba tu aje akae nyuma ya darasa langu, na baada ya kipindi akaniambia kwamba nilikuwa nimeuliza maswali mengi, lakini karibu yote nilijijibu mwenyewe. Iliniuma, nakiri. Tukaliandaa somo upya kwa mistatili miwili ya karatasi iliyo sawa, mmoja ukunjwe nusu, mwingine theluthi, kisha yote igawanywe katika sehemu sita. Asubuhi iliyofuata alifundisha yeye, nami nikazunguka na daftari nikiandika nani amekwama wapi.

Vikaratasi vya siku hiyo vilionyesha kwamba waliokosea wamebaki saba, na tatizo la hao halikuwa sehemu, bali jedwali la kuzidisha.