Nilivyopanda Kilimanjaro huku nikijua kaka yangu aliwahi kujaa maji mapafuni

Kaka yangu, aliyekuwa mpagazi, aliwahi kushushwa usiku kutoka Kibo akitweta hata anapokaa kitako, huku akikohoa povu la rangi ya waridi. Mapafu yalikuwa yamejaa maji kwa sababu ya mwinuko, naye alipona baada ya kuteremshwa na kupewa oksijeni. Kwa hiyo wenzangu wa kazini hapa Moshi walipopanga kwenda kileleni, nilitaka kwanza kujua kama jambo hilo limo katika ukoo wetu.

Daktari alinieleza kwamba oksijeni inapopungua, mishipa ya mapafu hujibana, na kwa baadhi ya watu hujibana kupita kiasi na bila usawa, hata shinikizo likapanda na majimaji yakavuja hadi kwenye vifuko vya hewa. Mapafu ya watu hao mara nyingi hutoa kidogo naitriki oksaidi, gesi inayolegeza mishipa. Ndiyo maana watafiti wamechunguza jeni ya NOS3, inayohusika na utengenezaji wake, na pia jeni ya ACE, inayohusika na udhibiti wa shinikizo la damu, ingawa matokeo yametofautiana kati ya jamii na jamii. Jeni nyingine, EPAS1, ambayo tafiti za mwaka 2010 ziliihusisha na uwezo wa Watibeti kuishi nyanda za juu, haikuwa na la kuniambia mimi Mchaga. (Kuzaliwa chini ya mlima si kinga: mji wa Moshi hauzidi mita 1,000.) Nilikuwa nimeanza kuulizia kipimo cha jeni, lakini daktari aliniambia nisipoteze fedha, kwani hakuna kinachoweza kutabiri nani ataugua.

Basi niliamua kujihesabu miongoni mwa walio hatarini na kupanda taratibu. Ushauri wa kawaida ni kwamba, ukishavuka mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa siku, ilhali njia ya Marangu hukutoa kambi ya Mandara, mita 2,720, hadi kambi ya Horombo, mita 3,720, kwa siku moja. Niliwashawishi wenzangu tulipie usiku wa ziada Horombo, tukatembea hadi Miamba ya Pundamilia, iliyo juu zaidi, kisha tukarudi kulala Horombo. Kiongozi wetu alinipima oksijeni kidoleni kila jioni, nasi tulikubaliana mapema kwamba nikianza kukohoa au kutweta nikiwa nimepumzika, nitateremka bila mjadala. Haikulazimu, nilifika kilele cha Uhuru, mita 5,895, nikiwa na maumivu ya kichwa tu.

Sikupewa nifedipini, dawa inayolegeza mishipa ya damu, kwa kuwa hiyo huandikiwa hasa waliokwisha kuugua. Kaka ndiye anayeihitaji akitaka kurudi juu: katika tafiti za kibanda cha Margherita nchini Italia, mita 4,559, takriban asilimia 60 ya watu wa aina yake waliopanda haraka waliugua tena. Yeye amechagua kuishia Mandara.