Nyuzi 45

"Mdogo wangu, lenzi iko 2.8, shata nyuzi 180. Usiguse kitu." Mpigapicha mkuu akasema hayo huku anaondoka kwenda kupanga taa za ndani. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuachiwa kamera peke yangu. Nikaitika. Haikupita hata robo saa, wingu likaondoka.

Tulikuwa tunarekodi filamu fupi, na onyesho lenyewe kwenye karatasi lilikuwa mistari miwili tu: mwanamke anamaliza kufua, anainua beseni, anayamwaga maji kwa hasira. Mwongozaji alitaka ukuta wa nyuma ufifie kabisa, ubaki uso. Ndiyo sababu ya ile 2.8: tundu la lenzi limefunguliwa sana. Jua lilipotoka, gauni jeupe la mwigizaji likabaki doa tupu kwenye skrini, mikunjo yote imepotea. Nikapima: mwanga umezidi stopu mbili, yaani mara nne.

Dawa ya kwanza ni kufunga apecha, lile tundu la lenzi. Kila stopu inakata mwanga kwa nusu: 2.8 kwenda 4, halafu 4 kwenda 5.6. Lakini kwenye 5.6 ukuta ulirudi na matofali yake yote, hata ufa mmoja mrefu ambao hakuna aliyeuona asubuhi ile. Nikarudisha 2.8. Filta za kupunguza mwanga zilikuwa kwenye sanduku, sanduku liko ndani kwa bosi, nami niliona aibu kumfuata kwa jambo la dakika ya kwanza.

Nikafungua menyu ya shata, inayopanga kila picha ipokee mwanga kwa muda gani. Tulikuwa tunakwenda fremu 24, yaani picha 24, kwa sekunde. Kwenye nyuzi 180 kila fremu inapokea mwanga kwa sehemu ya 48 ya sekunde. Hesabu hiyo ya nyuzi imerithiwa kutoka kamera za mkanda, zilizokuwa na kisahani kinachozunguka mbele ya filamu: nusu yake ikiwa wazi, ndiyo 180. Kamera yetu ya dijitali haikuwa na kisahani chochote, ila menyu bado inahesabu hivyo hivyo. Nikapunguza hadi 90, stopu moja. Nikapunguza hadi 45, stopu ya pili. Gauni likarudi, mikunjo ikarudi, ukuta umefifia vilevile. Nilijiona fundi kweli. Tukarekodi mara tatu, mwongozaji akafurahi, na mwigizaji akawa amelowa hadi magotini.

Bosi alipotoka akaomba aone. Hakutazama uso wa mwigizaji hata kidogo. Alitazama maji.

"Nani ameyagandisha haya?"

Nikakaa kimya. Akarudisha nyuma, akapeleka fremu mojamoja. Kila tone lilikuwa limesimama peke yake hewani, gumu, kama shanga zilizokatika uzi. Aliporuhusu picha iende kwa mwendo wake, mkono wa mwigizaji ukawa unaruka kutoka hapa hadi pale, hautelezi. Sasa nikauona, na nikishauona sikuweza tena kuona kitu kingine. Kumbe wakati wote ule mimi nilikuwa natazama mwanga tu.

"Simama mbele ya lenzi, pungia mkono."

Nikapunga. Akarekodi kwa 45, kisha akarudisha 180, akaniambia nipunge tena, watu wote wananitazama kama naaga meli. Akanionyesha. Kwenye 180 vidole viliacha ukungu mwembamba nyuma yao, na jicho likaunganisha fremu moja na inayofuata bila kushtuka. Kwenye 45, sehemu ya 192 ya sekunde, ukungu ule haukuwa na muda wa kutokea. "Kuna siku utautaka mruko huo," akasema, "watu wanakimbia, vurugu, vumbi. Leo mama wa watu anamwaga maji."

Nilitarajia anigombeze zaidi. Badala yake akanituma sanduku. Akachomeka filta ya 0.6, ambayo ni stopu mbili kamili, akaacha lenzi kwenye 2.8 na shata kwenye 180. Dakika moja haikufika. Kilichotuchelewesha ni gauni: lilikuwa moja tu, limelowa, na fremu ya kwanza ilihitaji gauni kavu. Tukalianika, tukakaa. Mwigizaji alijifunga shuka, akanitazama, akacheka. Mwongozaji hakucheka.

Gauni lilipokauka, wingu nalo likarudi, si zito, la kupunguza mwanga stopu moja hivi. Mwongozaji akasema tujiandae. Kidole changu kilishafika kwenye kitufe cha menyu. Nikakitoa, nikaenda kwenye sanduku, nikachomoa 0.6 na kuweka 0.3.

Maji yakatoka kwenye beseni kama utepe mmoja mrefu mweupe.