Nilivyoomba wauguzi mpaka tukaletewa

Miaka mitatu niliandika maombi ya watumishi wa afya wa halmashauri yetu kama nilivyoelekezwa: chukua ikama, yaani idadi ya watumishi wanaotakiwa kila kituo, toa waliopo, jaza upungufu. Yakawa yanarudi yamekatwa. Mkubwa mmoja akanishauri, "Omba mara mbili, wakikata utabaki na unachotaka." Nilimsikiliza, na mwaka huo tukapata wachache kuliko miaka yote. Ushauri ule unaniudhi hadi leo. Halmashauri zikifanya hivyo zote, mwenye bajeti ataziamini vipi?

Safari iliyofuata nilianzia kwenye orodha ya mishahara, nikaipanga kwa tarehe za kuzaliwa. Miaka 60 ni kustaafu kwa lazima, 55 kwa hiari. Zahanati moja ya mlimani ilikuwa na wauguzi watatu, na wawili walikuwa wanafikisha 60 mwaka mmoja. Hakuna aliyekuwa ameliona hilo, hata mimi niliyekuwa nikishika mafaili yao.

Lakini orodha ya mishahara haisemi mtu yuko wapi. Nilipiga simu kituo kwa kituo. Mwanzoni niliuliza, "Mna watumishi wangapi?" Nikasomewa orodha ileile niliyokuwa nayo mkononi. Nikabadilisha swali: "Usiku wa juzi nani alikuwa zamu? Na usiku wa kabla yake?" Hapo ndipo ukweli ulipotoka. Pale mlimani majina yalikuwa mawili tu, yakipokezana, ya wale wale wastaafu watarajiwa. Wa tatu alishaazimwa hospitali ya wilaya, mshahara wake ukisoma zahanati. Ukitaka takwimu za kweli, uliza zamu.

Kisha nikapiga hesabu ya mzigo wa kazi. Siku 260 za kazi, toa likizo 28, sikukuu, ugonjwa na semina, zinabaki kama 200. Nikazipambanisha na waliojifungua kwenye kitabu namba 12 cha MTUHA, mfumo wa kumbukumbu za vituo vya afya. Hesabu ikasema mkunga mmoja anatosha. Hapana! Uchungu hauna ratiba, na mtu mmoja hawezi kukesha kila siku. Nikaandika wawili wapya, nikaambatanisha nakala ya ratiba ya zamu na tarehe za kustaafu.

Kibali cha ajira kilipotoka, wawili wakapangwa pale, miezi minne kabla ya wazee kuondoka. Nilipopanda kuwatembelea, nilimkuta mama anayestaafu akimwonyesha binti mgeni jinsi ya kuinua mlango wa chumba cha kujifungulia ndipo ufunguke.