Uza kwa kilo

Tangu Jumapili neno la shemeji limenikaa kooni. Hakulisema kwa ubaya, mnamjua alivyo, ndiye aliyetubeba wakati wa msiba wa baba. Tulikuwa barazani tunakunywa chai, akaitazama pikipiki ya marehemu, ile Yamaha, pale chini ya turubai.

"Shemeji, hilo dude si uliuze tu?"

Nikamwambia nani atalinunua.

"Watu wa vyuma chakavu. Uza kwa kilo."

"Kwa kilo?"

"Kwa kilo, shemeji. Una Honda, una Boxer. Hiyo ya tatu ya nini?" Kisha akaomba asogezewe mkate.

Wiki hii barua ya uhamisho wa mama Neema imetoka, ni Singida kweli, na mdogo wangu amejifungua salama, mtoto wa kike. Lakini nikiweka kichwa kwenye mto nasikia kwa kilo, kwa kilo.

Usiku namjibu. Namwambia hiyo ni AG100, pikipiki iliyotengenezwa kwa ajili ya shamba: mnyororo wake umefunikwa wote matope yasiingie, ina stendi kushoto na kulia ili uiegeshe popote kwenye mteremko, ina keria mbele na nyuma. Baba akiwa bwana shamba Kilosa alifunga mbegu nyuma, mimi akanipakia mbele juu ya tanki, tukaenda hadi Kimamba katikati ya mikonge. Injini yake inachoma oili pamoja na petroli, na moshi ule ulikuwa umeingia kwenye koti lake hata likifuliwa hautoki. Mama akilikunja koti lile alikuwa anasita kwanza alinuse. Hilo linapimwa kwenye mzani gani?

Honda yangu CG125 naipenda kwa namna nyingine kabisa. Haina cheni ya taimingi ndani ya injini, valvu zinasukumwa na vijiti vya chuma, pushirodi, na Wachina wameinakili injini ile mpaka spea zake unazipata kwenye duka lolote. Nikiipanda nakuwa mtu asiye na haraka, mikono inatulia, hata mawazo ya kazini yanashuka. Hiyo niliinunua kwa jasho langu, na sijawahi kuiosha kwa kumwagiza mtu. Boxer inaleta hesabu jioni, naiheshimu.

Juzi jioni niliondoa turubai. Nikasugua plagi kwa msasa, nikasafisha kabureta, nikaweka petroli mpya, nikapiga kiki mpaka mguu ukaanza kutetemeka. Ikakohoa. Nikapiga tena, ikashika! Moshi wa bluu ukajaa uani, Neema akatoka jikoni mbio na mwiko mkononi akidhani kuna moto, nami nikawa nacheka peke yangu. Nilicheka kwa furaha ambayo sijaipata tangu mwaka uanze.

Ndipo nikamkumbuka shemeji alipokuwa kijana, na ile Honda 50 nyekundu aliyokuja nayo kwenye posa yetu, ameipaka mafuta hadi spoki. Baadaye dada yake mkubwa aliugua, fedha za matibabu zikatafutwa kila kona, na ile Honda hatukuiona tena. Hakuna aliyemuuliza ilikwenda wapi. Nafikiri najua ilikwenda wapi, na kwa bei ya namna gani. Jumapili hakunitazama usoni aliposema vile, alikuwa anaitazama Yamaha.

Akija tena nitampa ufunguo aizungushe hadi barabara ya lami. Sitamwambia lolote kuhusu kilo.

Halafu kuna lile tawi la mwembe, limelalia bati la jirani wa nyuma, na vuli ndiyo hiyo inakuja. Mtu wa kulikata hapokei simu tangu jana.