Sakafu ya Chumba cha Nyongeza Inapopishana na ya Zamani

Pima usawa kwa mpira wa maji (bomba laini linaloonyesha ndani, lililojazwa maji), si kwa macho. Ondoa mapovu yote ya hewa kwanza, la sivyo vipimo vitakudanganya. Piga alama ukutani mita 1 juu ya sakafu ya zamani, ihamishie kuta zote za chumba kipya, kisha pima kushuka chini hadi sakafu mpya: kinachozidi mita 1 ndicho pengo.

Pengo la milimita 25 hadi 75 linazibwa kwa saruji 1 kwa mchanga 4, maji kidogo: ukilifinya donge lishikane bila kuchuruzika. Pengo likizidi milimita 75, tumia zege. Donoa sakafu kwa patasi, ondoa vumbi, ilowanishe, paka uji wa saruji, na umwage mchanganyiko uji huo ukiwa bado mbichi. Wengi huruka hatua hii. Ndiyo maana sakafu hulia mvungu na kubanduka. Mwagilia siku 7.

Maungio ya zamani na mpya yasifungwe kwa saruji. Msingi mpya bado unatitia, patapasuka tu.