Mtaa wa F, Washington: picha zilizowatafutia askari pensheni

Kazi yangu ni kupiga picha za watu, na kwa muda sasa nawapiga askari wastaafu ili picha zitundikwe ukumbini na watazamaji wachangie matunzo yao. Safari ya Washington ilitokana na hilo. Nilitaka kupaona mahali ambapo sura ya askari ilitumika kuombea msaada tangu enzi za kamera za sanduku.

Nilianzia National Portrait Gallery, kona ya mtaa wa F na wa 8. Leo ni nyumba ya sura za marais na watu mashuhuri. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861-1865) ilikuwa ofisi ya kusajili uvumbuzi, na majeruhi walilazwa humo kati ya makabati ya vioo yaliyojaa vielelezo vya mashine. Mshairi Walt Whitman alikuwa akija kuwatembelea. Machi 1865 ikafanyika humo humo dansi ya kusherehekea kuapishwa kwa Lincoln kwa mara ya pili. Jengo lile lile!

Aliyekuwa akinizunguka kichwani ni Alfred Stratton, kijana wa jeshi la New York aliyekatika mikono yote miwili kwa mzinga huko Petersburg, jimbo la Virginia, mwaka 1864. Sheria ya pensheni ya mwaka huo ilimpa aliyepoteza mikono miwili dola 25 kwa mwezi. Stratton alipigwa picha, zikachapishwa kwenye vikadi vidogo vya kutosha kiganjani, naye akaviuza. Sojourner Truth, mwanamke aliyezaliwa utumwani akawa mpinzani wa utumwa, naye alijikimu kwa kuuza picha zake, chini yake zimeandikwa kwamba anauza kivuli, yaani picha, ili kuutegemeza mwili. Na serikali haikukaa kando: kuanzia Septemba 1864 hadi Agosti 1866 kila picha iliyouzwa ilibandikwa stempu ya kodi ya vita. Yaani hata ukinunua picha ya majeruhi, vita vinachukua senti zake.

Nikashika mtaa wa F kuelekea mashariki. Ni mwendo mfupi tu hadi National Building Museum, jengo la matofali mekundu lililokamilika mwaka 1887 kwa ajili ya ofisi ya pensheni. Nje limezungushiwa utepe wa sanamu za udongo wa kuchoma, mita 365 hivi, askari wakiandamana bila kufika. Ndani nguzo ni nene kiasi cha kukufanya usahau kwamba hapa palikuwa na makarani wakipitia majalada ya watu waliokosa miguu.

Ili mtu apate pensheni, ushahidi wa jeraha ulitakiwa, na hapo ndipo kamera ilipoingia. Daktari Reed Bontecou, mkuu wa hospitali ya Harewood jijini humu, aliwapiga picha wagonjwa wake, wengine wakishika kibao chenye jina, jeraha likiwa wazi. Juu ya baadhi ya picha alichora kwa rangi nyekundu njia iliyopita risasi. Picha hizo zilisaidia kuthibitisha ukubwa wa majeraha na kukadiria malipo. Zilifanya kazi, siwezi kubisha. Lakini hebu yatazame macho yao: mgonjwa aliye mbele ya daktari wake, tena ofisa wa jeshi, angekataaje? Stratton alikuwa ameamua mwenyewe avae nini, asimame vipi, na fedha iingie mfuko gani. Kwangu hiyo ndiyo tofauti inayohesabika, kuliko mwanga au ustadi wowote.

Kwenye treni niliandika upya karatasi ya makubaliano ninayowapa askari. Picha ni ya aliyepigwa. Nakala anauza mwenyewe kwa bei aipendayo. Jeraha linaonekana akitaka yeye. Akisema ishushwe ukutani, inashuka siku hiyo hiyo. Nani ashike daftari la michango, hapo bado tunabishana na wazee.